Kawaita Hana: Filamu ya Majambazi Inayotaka Kusikilizwa

Kawaita Hana, yaani ua lililokauka, ni filamu ya majambazi ambayo Masahiro Shinoda aliiongoza kwa ajili ya kampuni ya Shochiku, ikaingia katika majumba ya sinema ya Japani mwezi Machi 1964, na nje ya nchi hiyo ikajulikana zaidi kwa jina la Pale Flower. Ina dakika 96, imepigwa kwa picha nyeusi na nyeupe zilizotandazwa kwa upana wote wa kioo cha sinema, na kisa chake ni chepesi kusimulia: mtu aliyetoka jela kwa kosa la kuua anakutana na msichana anayependa kamari, wanazoeana bila kutamkiana mapenzi, kisha mtu huyo anaua tena na kurudi jela. Wanaoisifia filamu hii husifia kwa kawaida yale yanayoonekana, kama vile suti zilizokaa vyema mwilini, gari la wazi linalokata barabara tupu usiku wa manane, na nyuso zinazochomoza nusu tu kutoka gizani. Sifa hizo ni za haki, ila zinaweza kumfanya msomaji aidhanie filamu kuwa albamu ya picha nzuri, ilhali umaridadi wake unaanzia masikioni, katika vishindo vidogo vya karata, saa na viatu, na katika subira ndefu ambayo mwongozaji anamlazimisha mtazamaji kuivumilia kabla ya jambo lolote kutokea.

Ili kuona jinsi Shinoda alivyokwenda kinyume na wenzake, ni lazima kwanza kueleza filamu za yakuza zilikuwa na desturi gani wakati huo. Yakuza ni jina la jumla la magenge ya kihalifu ya Japani yaliyojipanga kwa ngazi za undugu wa kubuni, ambamo mkuu wa genge, oyabun, anashika nafasi ya mzazi, na mfuasi wake, kobun, anashika nafasi ya mtoto anayepaswa kutii hata akiamriwa kufa. Magenge hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na wacheza kamari na wachuuzi wa zama za Edo, yaani kipindi cha utawala wa watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa kuanzia 1603 hadi 1868, na hata jina lenyewe linatajwa kuwa limetoka katika mchezo wa karata, ambamo mkono wa nane, tisa na tatu unajumlisha ishirini na hivyo hauna thamani yoyote. Kwa maana hiyo, chumba cha kamari ndicho nyumbani kwa asili kwa yakuza, naye Shinoda alipoamua kuijenga filamu yake ndani ya chumba hicho alikuwa anairudisha jamii hii ya watu mahali ilipozaliwa.

Mwaka mmoja kabla ya Kawaita Hana kuonyeshwa, kampuni ya Toei ilikuwa imefungua mfereji wa fedha kwa filamu za aina iitwayo ninkyo, yaani filamu za majambazi waungwana, na iliyotangulia kushika soko ilikuwa Jinsei Gekijo: Hishakaku ya 1963, iliyochezwa na Koji Tsuruta akiwa pamoja na Ken Takakura. Katika filamu hizo shujaa ni jambazi wa kizamani aliyevaa kimono, anayebanwa kati ya wajibu kwa mkuu wake na huruma ya moyo wake, anayevumilia dharau za magenge mapya yenye tamaa hadi maji yanapomfika shingoni, na ambaye mwishoni anachomoa upanga na kwenda kufa kwa heshima. Watazamaji walizimiminikia, na sababu haikuwa ya ajabu, kwani nchi ilikuwa inabadilika kwa kasi ya kutisha na mtu aliyeshinda kutwa kiwandani au ofisini alipata faraja kumwona mwingine akifa kwa ajili ya neno alilolitoa. Hadhira ya sinema yenyewe ilikuwa inapungua kwa sababu ya televisheni, kiasi kwamba tiketi zilizouzwa, ambazo zilizidi bilioni 1.1 mwaka 1958, zilikuwa zimeshuka chini ya nusu ya idadi hiyo miaka mitano baadaye, na kila kampuni ilikuwa inatafuta kitu cha kumtoa mtu nyumbani kwake.

Shochiku ilikuwa mahali pa ajabu kidogo pa kuzaliwa filamu ya majambazi. Kampuni hiyo, iliyoanza mwaka 1895 kwa biashara ya tamthilia za kabuki, ilikuwa imejipatia jina katika sinema kwa visa vya familia za watu wa kawaida, na fundi wake mkuu, Yasujiro Ozu, alifariki Desemba 1963, miezi michache tu kabla ya filamu ya Shinoda kutoka. Shinoda mwenyewe alizaliwa mwaka 1931, akasomea tamthilia katika Chuo Kikuu cha Waseda, ambako pia alikimbia mbio ndefu za kupokezana za Hakone, akaingia Shochiku mwaka 1953, na akafanya kazi ya mwongozaji msaidizi, mara moja chini ya Ozu huyohuyo. Alipopewa nafasi ya kuongoza mwaka 1960 alihesabiwa pamoja na Nagisa Oshima na Yoshishige Yoshida katika kundi la vijana ambalo magazeti yaliliita wimbi jipya, kwa kuwa kampuni ilitumaini kwamba vijana wangewarudisha vijana wenzao sinema. Oshima aliondoka kwa hasira baada ya muda mfupi, ila Shinoda alikuwa na tabia ya utulivu zaidi, akabaki ndani na kujifunza namna ya kutumia mitambo ya kampuni kwa makusudi yake mwenyewe.

Hadithi aliyoichagua ilikuwa ya Shintaro Ishihara, mwandishi aliyepata Tuzo ya Akutagawa akiwa kijana mdogo kwa kisa cha vijana matajiri wasiojali lolote, na ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa gavana wa Tokyo kuanzia 1999 hadi 2012. Mswada wa filamu uliandikwa na Masaru Baba akishirikiana na mwongozaji, naye Baba alipoiona kazi iliyokamilika alikasirika kwamba maneno yake yamemezwa na picha na sauti, akalalamika, na kampuni ikaiweka filamu kando kwa miezi kadhaa. Inafaa kumhurumia Baba, kwani alisema kweli: mazungumzo katika Kawaita Hana ni machache na makavu, na mengi ya yale yenye uzito yanatokea wakati hakuna anayezungumza. Aliloliona yeye kuwa dosari ndilo lililoifanya filamu idumu.

Mhusika mkuu, Muraki, anaanza kwa kusikika kabla ya kufanya chochote. Anarudi Tokyo baada ya miaka mitatu gerezani, anatazama umati wa watu unaosukumana stesheni, na sauti yake ya ndani inauliza kuna kosa gani kumwua mmoja wa viumbe hawa wanaojifanya wako hai. Hiyo ni kauli ya kikatili, na filamu haijaribu kuilainisha wala kuikemea. Muraki aliua kwa niaba ya genge lake katika ugomvi na genge pinzani, ila anakuta kwamba alipokuwa ndani wakuu wa magenge hayo mawili wamepatana ili kukabiliana na genge la tatu linalokuja kutoka Osaka, kwa hiyo miaka yake mitatu imekuwa malipo ya deni ambalo hakuna tena anayelikumbuka. Hakuna anayemkosea adabu, kwani wanampokea, wanampa nafasi yake na wanamwacha aende zake, lakini dhuluma aliyotendewa ni nzito kuliko matusi, maana ni ya kiofisi na haina mtu wa kulaumiwa.

Usiku wake wa kwanza anakwenda kwenye chumba cha kamari, na hapo ndipo filamu inapofungua mlango wake halisi. Mchezo unaochezwa unaitwa tehonbiki, na kwa kuwa filamu haiufafanui, ni vyema ukaelezwa hapa. Wachezaji wanakaa sakafuni, wakiwa safu mbili zinazotazamana, kandokando ya kitambaa cheupe kirefu kilichotandikwa juu ya mikeka minene ya Kijapani iitwayo tatami. Mgawaji, yaani mtu anayeushikilia mchezo, ana karata sita zenye alama za moja hadi sita, naye anaziingiza nyuma ya mgongo au ndani ya vazi lake, anazichanga bila mtu kuona, anachagua moja, anaifunika kwa kitambaa kilichokunjwa na kuiweka mbele yake. Kila mchezaji naye ana karata zake sita, na kazi yake ni kukisia namba iliyofichwa, kulaza karata zake kifudifudi na kuweka dau. Mbele ya mgawaji vimepangwa vibao sita vinavyoonyesha namba zilizotoka awali kwa mfuatano, na wakati wa kufichua, mgawaji hakimbilii kufunua kitambaa, bali anaisogeza kwanza mbele namba aliyoichagua katika vibao, kisha ndipo anapoonyesha karata yenyewe. Katika nafasi hiyo ndogo iliyopo kati ya kibao kusogezwa na kitambaa kufunuliwa, chumba kizima kinashikilia pumzi.

Anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni wa bahati nasibu, kwa sababu namba ni sita na anayekisia ana nafasi moja kati ya sita. Ukweli ni kwamba bahati haina sehemu kubwa humo, kwani karata haivutwi kutoka katika fungu lililochanganywa bali inachaguliwa na binadamu kwa makusudi, na mchezaji hodari ni yule anayemsoma mgawaji, anayekumbuka namba alizozipenda tangu jioni ilipoanza, anayeona kama amechoka, amekasirika au anataka kuwahadaa. Tehonbiki ni kamari ya kuusoma moyo wa mtu mwingine, na kwa hiyo hakuna mchezo ambao ungeifaa zaidi filamu ambamo watu hawaelezani wanachowaza. Shinoda anatumia dakika nyingi, nyingi kuliko mwongozaji yeyote mwenye haraka angekubali, kuonyesha mikono ikichezea karata, macho yakihama kutoka kibao hadi kibao, jasho kwenye paji la uso, na sauti ya mwitaji inayowahimiza wachezaji waweke madau kwa mlio ulio karibu na uimbaji wa ibada. Mtazamaji ambaye hajui kanuni hata moja anaelewa, kwa kutazama tu, ni nani anayesoma na ni nani anayesomwa.

Katika safu ya wanaume hao wenye nyuso ngumu ameketi mwanamke mmoja tu, kijana, aliyevaa kitajiri, anayeweka madau makubwa na kuyapoteza bila kukunja uso. Huyo ndiye Saeko, na Muraki anamwona kabla hatujaambiwa jina lake. Hakuna muziki wa mapenzi unaopanda wakati huo, wala kamera haimkimbilii, bali anatazamwa kama namba inavyotazamwa katika mchezo wenyewe, yaani kama kitu kilichofunikwa. Baadaye anamwomba Muraki ampeleke kwenye kamari yenye madau makubwa zaidi, naye anampeleka, na uhusiano wao wote unajengwa juu ya ombi hilo moja linalorudiwa kwa sura mbalimbali. Polisi wanapovamia chumba, wawili hao wanajificha na kujifanya wapenzi waliolala, na wakiwa katika hali hiyo, ambayo filamu nyingine yoyote ingeitumia kuwakumbatisha, wanacheza karata za maua ziitwazo hanafuda. Karata hizo ni uzao wa Kijapani wa zile zilizoletwa na mabaharia Wareno katika karne ya 16, na Wajapani wakaziita karuta kwa neno la Wareno haohao walioacha karata katika Kiswahili.

Sauti ya chumba hicho ni kazi ya Toru Takemitsu, mtunzi aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1996, ambaye kwa makubaliano ya wengi ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote wa Japani ya karne ya 20, na ambaye aliandikia sinema muziki kwa wingi na kwa upendo ambao watunzi wa hadhi yake mara nyingi huona haya kuuonyesha. Mwaka huohuo wa 1964 kazi yake ilisikika pia katika Suna no Onna ya Hiroshi Teshigahara na Kwaidan ya Masaki Kobayashi, na katika Kawaita Hana alisaidiwa na Yuji Takahashi. Tangu miaka ya 1950 Takemitsu alikuwa akifanya majaribio ya muziki unaotungwa kwa kurekodi sauti za kawaida za dunia, kama vile sauti za watu au matone ya maji, kisha kuzikata, kuzigeuza na kuzipanga kwenye utepe wa sumaku kama noti zinavyopangwa. Shinoda ameeleza kwamba Takemitsu alimtaka arekodi kila sauti iliyokuwapo wakati wa kupiga filamu, kisha akazichukua sauti za karata na kuzichanganya na milio ya viatu vya wacheza dansi wa kugonga visigino.

Matokeo yake yanastahili kusikilizwa kwa makini. Karata za tehonbiki ni ndogo, nene na ngumu, na zikigongana hutoa mlio mkavu, lakini mlio unaosikika katika filamu ni mkali na wa haraka kupita ule ambao karatasi inaweza kuutoa, kiasi kwamba sikio linashtuka kabla akili haijajua sababu. Sauti hiyo inafanya kazi ya ngoma. Inaukaza mchezo, inaufanya mkono wa mgawaji uonekane kama silaha, na kwa kuwa inarudi kila tunapoingia chumbani, inamfundisha mtazamaji kuitamani kama Muraki na Saeko wanavyoitamani. Nje ya chumba muziki wa Takemitsu ni wa tarumbeta na vyombo vya shaba vinavyogombana, wenye harufu ya jazi ila usio na furaha yake, na mara nyingi hamna muziki kabisa, kuna hatua tu za mtu anayetembea katika uchochoro, au milio ya saa katika duka la saa anakoishi Shinko, mwanamke aliyemsubiri Muraki miaka yote mitatu na ambaye anarudiwa bila shauku. Mwandishi wa kawaida angempa Shinko hotuba ya machozi, lakini filamu imezipa saa kazi ya kusema, na inatosha kuzisikia ili kujua subira yake imekuwaje.

Muraki anachezwa na Ryo Ikebe, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 45 hivi na nyota yake ilikuwa imefifia. Katika miaka ya mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo yeye mwenyewe alipigana kama askari, Ikebe alikuwa kijana mzuri wa kioo cha sinema, mpenzi wa wasichana katika Aoi Sanmyaku ya 1949, kisha mume mwenye siri katika Soshun ya Ozu ya 1956, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuna aliyemfikiria kwa nafasi kubwa, na kuchaguliwa kwake kuwa muuaji kuliwashangaza wengi. Shinoda alimtaka kwa jinsi alivyobeba mwili wake. Ikebe anatembea kama mtu asiyekwenda popote lakini aliyekataa kuzubaa, mabega yakiwa yametulia, mikono ikining'inia, na filamu inampa nafasi tele ya kutembea: usiku, peke yake, akifuatwa na hatua za mtu asiyeonekana, hadi kisu kinaporushwa gizani na kumkosa. Uso wake hauelezi kitu, na hilo si udhaifu wa mwigizaji, kwani yeye ni mchezaji wa tehonbiki hata akiwa barabarani.

Mariko Kaga, aliyemwigiza Saeko, alikuwa na miaka 20 tu, na uso wake wa mviringo wenye macho makubwa ungeweza kuwa wa mtoto wa shule. Shinoda alikuwa amemtumia hapo awali, na alijua kwamba utoto huo ukiwekwa mahali pa hatari ungetisha kuliko ukali wowote wa kuigiza. Katika tukio linalokumbukwa zaidi na wapenzi wa filamu hii, Saeko anaendesha gari lake la wazi usiku akiwa na Muraki pembeni, gari la mtu asiyemjua linamkaribia, na bila neno lolote madereva hao wawili wanaanza kushindana kwa mwendo wa kuua. Mbio zinapokwisha, Saeko anacheka, tena anacheka sana, na ni mara chache katika filamu nzima tunamsikia mtu yeyote akifurahi. Kicheko hicho kinamweleza vizuri kuliko wasifu wowote, kwa sababu tunaona kwamba kinachomfurahisha si kushinda wala hatari ya kushindwa, bali ni ule muda mfupi ambamo jambo halijaamuliwa.

Mpigapicha mkuu, Masao Kosugi, anaipiga Tokyo hiyo kana kwamba haijui kuwa dunia inakuja kuitembelea. Mwaka 1964 mji ulikuwa unafumuliwa na kujengwa upya kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwezi Oktoba, treni ya mwendokasi ya Shinkansen ilikuwa karibu kuzinduliwa, na picha rasmi za wakati huo ni za mwanga mtupu. Ya Kosugi ni ya vichochoro vyenye maji, milango ya mbao, taa moja iliyo mbali, na weusi mzito unaomeza theluthi mbili za picha, huku watu wakiwekwa ukingoni mwa upana wake kama vitu vilivyosahauliwa hapo.

Wakuu wa magenge ndio sehemu ya filamu yenye mzaha wa chini kwa chini, na ndipo Shinoda anapoupiga chini ujambazi wa kiungwana bila kuutaja kwa jina. Funada, mkuu wa Muraki, anachezwa na Seiji Miyaguchi, ambaye watazamaji walimkumbuka kama bingwa mkimya wa upanga katika Shichinin no Samurai ya Akira Kurosawa ya 1954, na mwenzake Yasuoka anachezwa na Eijiro Tono, mwenye kilabu cha pombe katika Yojimbo ya 1961. Nyuso hizi za filamu za mashujaa zimewekwa kwa wazee wawili wanaokaa pamoja kama wastaafu walioridhika, wanaokula, wanaozungumzia mambo yao, na ambao wanapohitaji mtu wa kutoka Osaka auawe wanalijadili suala hilo kwa sauti ileile ambayo kamati ingelitumia kupanga nani asafiri kikazi. Mtu anahitajika, vijana hawataki, na Muraki anajitolea. Hajitolei kwa utii, kwani ameshaona utii wake wa kwanza ulivyolipwa, wala hana chuki na anayekwenda kumwua. Msomi wa filamu anayetafuta humu maadili ya wajibu na huruma atarudi mikono mitupu.

Sababu anayoitoa, au tuseme inayoonekana, ni Saeko. Kwa muda mrefu katika pembe ya chumba cha kamari amekuwa akikaa kijana mmoja asiyecheza wala kusema, anayeitwa Yoh, aliyetoka Hong Kong, muuaji na mtumiaji wa dawa za kulevya, ambaye kazi yake ni kutazama tu. Saeko anavutwa naye kwa sababu madau ya kamari yameanza kuwa madogo kwake, na Muraki anahisi kwamba hivi karibuni atauhama mchezo wao na kwenda kwenye sindano. Kwa hiyo anampigia simu na kumwalika aje kumtazama akiua, kama zawadi iliyo kubwa kuliko yote aliyowahi kumpa.

Mauaji hayo yamepangwa kwa namna ambayo haijapoteza nguvu hata baada ya miaka sitini. Muraki anaingia mgahawani, anapanda ngazi kuelekea kwa mtu wake, na sauti zote za dunia, ambazo filamu ilituzoesha kuzitegemea kwa zaidi ya saa moja, zinazimwa. Hakuna hatua, hakuna kiti kinachoburuzwa, hakuna mayowe. Mahali pake kunasikika sauti ya mwanamke akiimba kutoka opera ya Dido and Aeneas ya Mwingereza Henry Purcell, kazi ya karne ya 17 inayomhusu malkia wa Karthage, katika pwani ya kaskazini ya Afrika, anayekufa baada ya mwanamume aliyempenda kusafiri. Kisu kinaingia, kinatoka, kinaingia tena, mwili unaanguka polepole, na kamera inarudi kwa Saeko aliyesimama akitazama. Uso wake haufichi tena: ni wa mchezaji aliyeona kitambaa kikifunuliwa. Kuziondoa sauti halisi katika tukio ambalo mwongozaji mwingine angelijaza kelele ni uamuzi wa kifundi uliofanya kazi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba masikio yalikuwa yameshaandaliwa, na ukimya unaoanguka humo unasikika kama kofi.

Filamu ina upungufu wake. Yoh ni mhusika aliyechorwa kwa mstari mmoja, mgeni wa kutisha asiye na lugha, na desturi ya sinema ya Japani ya wakati huo ya kumfanya Mchina kuwa alama ya uozo wa bandarini imepita hapa bila kuulizwa. Shinko naye anaachwa njiani mapema mno, kana kwamba filamu, sawa na Muraki, imechoka naye. Pia kuna ndoto moja ambamo Muraki anawaona Saeko na Yoh pamoja, iliyopigwa kwa ufundi mwingi wa kamera, ambayo inaeleza kwa kelele jambo ambalo nyuso zilikuwa zimeshalieleza kwa utulivu. Inawezekana kuitetea kwa kusema kwamba mtu kama huyu hana mahali pengine pa kuogopa ila usingizini, lakini utetezi huo ni wa kuhisani.

Kuhusu mwisho, itoshe kusema kwamba Muraki akiwa gerezani analetewa habari na mtu wa genge lake kuwa Saeko ameuawa na Yoh, na mjumbe anapotaka kumweleza msichana huyo alikuwa nani hasa, Muraki haoni haja ya kujua. Saeko anabaki karata ambayo haikufunuliwa, na wale wanaoulalamikia uamuzi huo wanadai jibu ambalo mchezo wenyewe haukuwaahidi.

Shinoda aliachana na Shochiku katikati ya miaka hiyo ya 1960, akaanzisha kampuni yake mwaka 1967, akatengeneza Shinju: Ten no Amijima mwaka 1969, ambayo wengi huiona kuwa kilele chake, akastaafu baada ya Spy Sorge ya 2003 na kufariki Machi 2025 akiwa na miaka 94. Hakurudi kuwa mwongozaji wa filamu za yakuza, na aina hiyo ilishika njia nyingine bila yeye, hadi Kinji Fukasaku alipouvua uungwana wote kwa kamera ya kutikisika katika Jingi Naki Tatakai ya 1973. Aliyefaidi moja kwa moja alikuwa Ikebe. Toei, kampuni ileile ya majambazi waungwana, ilimchukua kuanzia 1965 katika mfululizo wa Showa Zankyoden, ambamo kila filamu inaelekea kwenye usiku ambapo yeye na Ken Takakura wanatembea bega kwa bega, kimya, kwenda kupigana bila kutarajia kurudi wakiwa hai, na watazamaji walikuwa wakipiga kelele za kuwashangilia ukumbini kwa ajili ya mwendo huo tu. Ni mwendo uleule wa Muraki, ambao Shinoda aliutumia kumwonyesha mtu asiyeamini chochote, na Toei ikaununua ukiwa mzima ili kuuza heshima.